Cheti cha Gym ama Digrii ya Sayansi ya Mazoezi? Wasee, Nani Aliwaambia Lazima Mchague Moja

Kila Januari matokeo ya KCSE yakitoka, kuna risto moja lazima irudi mtaani. Msee amepata gredi yake, anapenda mambo ya gym na spoti, lakini hajui ashike njia gani. Aende campus asomee sayansi ya mazoezi miaka minne, ama achukue kozi fupi ya ukocha wa gym aanze kuona doo mapema? Ukiuliza base, watu wanagawanyika ni kama ni derby ya Gor na Ingwe. Hawa wanakuambia digrii ni karatasi tu, si unaona venye magraduate wamejaa mtaani. Wale wanakuambia cheti cha miezi michache kitakufanya uhesabie watu "kumi, kumi na moja, kumi na mbili" mpaka uzeeke.

Wote wako na ukweli kiasi, lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Kwa hii kazi cheti na digrii hazishindani. Kila moja inafundisha kitu yenye ingine haigusi, na mwenye anakosa moja, kuna siku itamshika. Kenye hawakuambii ni kwamba zinaweza pangwa zifuatane, moja ikibeba nyingine, na ukizipanga vizuri utatoka campus na wateja tayari, si na CV ya kutembeza kwa jua.

Tuanze na kenye zinafundisha, juu hapo ndio watu wengi huchanganyikiwa.

Kozi ya ukocha ni ufundi. Ni kazi ya macho, mdomo na mikono. Unafundishwa kusimama mbele ya watu ishirini saa kumi na mbili asubuhi na sauti haijafunguka vizuri, uwaonyeshe mwondoko, halafu uzunguke ukirekebisha goti la huyu na mgongo wa yule kwa maneno matatu, si lecture. Unafundishwa pa kusimama wakati mtu anainua chuma kizito ndio kikimshinda umdake. Unajua kubadilisha programu haraka mashine ikishikwa na wenyewe. Unajifunza huduma ya kwanza, kufinya kifua mtu akianguka, na kuongea na mteja mwenye amekosa wiki mbili bila kumfanya aone aibu asirudi. Hiyo ya mwisho ndio inalipa rent, na hakuna mtihani wa campus umewahi kuiuliza.

Digrii ni kitu ingine. Huko unaingia ndani ya mwili: anatomia, fiziolojia, biomekanika, lishe, saikolojia ya spoti, takwimu, vipimo vya maabara. Unajua kwa nini misuli inachoka, moyo unabadilika aje baada ya wiki nane za kukimbia, goti linabeba uzito kiasi gani ukishuka ngazi. Muhimu zaidi, unajifunza kusoma utafiti na kujua huyu influencer ameongea ukweli ama anauza unga wa protini.

Sasa angalia mapengo. Kuna comrade anaweza kukuchorea mzunguko wa Krebs akiwa amefunga macho, lakini hajawahi kumfundisha binadamu mzima kuinama na kuinuka bila kuumia. Siku ya kwanza kwa gym anaongea na mteja ni kama anajibu swali la CAT. Halafu kuna kocha wa mtaa, mikono safi, wateja wanampenda, lakini akiambiwa "coach, mimi natumia dawa za presha," anasema "sawa, tutaenda polepole" na hajui polepole ni ngapi. Na hao wateja si wachache.

Mathe wa presha

Ule uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, ule wa STEPS wa 2015, ulipata kama asilimia 24 ya watu wazima Kenya wako na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Asilimia 27 walikuwa na uzito kupita kiasi, na kwa wanawake ilikuwa juu kuliko kwa wanaume. Sasa jiulize nani huingia gym ameambiwa na daktari "punguza kilo." Si yule boy wa miaka 22 anataka six-pack. Ni mathe wa miaka 52 mwenye amebuy raba mpya jana.

Chukua huyo mathe. Daktari amempa atenolol, dawa ya kawaida sana kwa mahospitali zetu. Hii dawa inashika moyo usipige haraka. Kocha wake anajua ile fomula ya kila mtu: 220 toa umri. Kwa huyu mathe ni 168. Asilimia 70 ya hapo ni kama 118, kwa hivyo kocha anaangalia saa ya mkono anaona moyo uko 100. Anadhani mathe anazembea, anaongeza spidi ya treadmill. Bado 104. Anaongeza tena. Kumbe mathe amefika mwisho wake dakika tano zilizopita, ni vile tu dawa imezuia moyo kuonyesha. Hiyo namba ya saa haina maana kwake. Na hata kwa mtu hatumii dawa yoyote, hiyo fomula hukosea kwa mapigo kumi ama zaidi bila shida, juu ni wastani wa watu wengi, si kipimo chako.

Mwenye amesoma fiziolojia anajua hiyo namba atupe. Anatumia kipimo cha Borg, kile cha kumuuliza mtu mwenyewe kazi iko nzito kiasi gani kutoka 6 hadi 20, ama ile rahisi ya maongezi: kama anaweza kukupigia story lakini hawezi kuimba, uko mahali poa. Anajua pia mtu wa presha asibanie pumzi akisukuma chuma, juu ukibana pumzi na kukaza tumbo presha inaruka juu kwa sekunde chache. Haya yote yako kwa digrii.

Lakini ona, kujua haitoshi. Mathe hawezi kukuambia "leo ni 15" kama hakuamini. Atasema "niko sawa" juu hataki kuonekana mzee mbele ya wasichana wa legi. Inataka mtu mwenye amesimama na watu wa kawaida masaa mengi, anaona mdomo umekauka, anaona mkono umeshika reli ya mashine, na anajua kumwambia "hebu tukunywe maji kwanza" bila kumuaibisha. Hiyo inatoka kwa ufundi na inatoka kwa masaa. Mwenye ako na zote ndio mtu ungemwachia mamako.

Na usidhani ni wazee tu. Kuna ile kitu ya siku ya kwanza, kijana ameingia gym baada ya miezi ya kukaa, na kocha anataka kumuonyesha yeye ni nani. Skwoti mia, burpee mpaka atapike. Kesho yake kijana hawezi kukunja mikono, mkojo umekuwa rangi ya Coca-Cola. Hiyo si dalili ya workout kali, ni misuli imevunjika na uchafu wake umeingia kwa damu ukienda kuziba figo. Inaitwa rabdomiolisisi na dawa yake ni hospitali, haraka. Kocha mwenye alifundishwa hii kitu hamalizi mgeni siku ya kwanza ndio apate video ya TikTok. Sisi wengi tumezoea kupima kocha kwa venye tumeumia kesho yake, na hiyo ni kipimo mbovu kabisa.

"Lakini Brother Colm hakusomea"

Hapa kuna msee lazima alete hii. Na ni point. Brother Colm O'Connell alikuja Iten 1976 kufundisha jiografia St Patrick's, hakuwa amesomea ukocha wa riadha, na kutoka mikononi mwake akatoka David Rudisha, mwenye alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London 2012. Spoti yetu imejengwa na watu wa macho, si wa maabara.

Sawa. Lakini hesabu miaka. Kutoka 1976 hadi 2012 ni miaka 36 ya kukaa kando ya track ukiangalia watoto wakikimbia. Hiyo ni shule ndefu kuliko digrii yoyote, ni vile tu haikuwa na graduation. Wewe uko na hiyo miaka 36? Pia angalia venye mambo yamebadilika. Eliud Kipchoge akikimbia 1:59:40 kule Vienna Oktoba 2019, Patrick Sang alikuwa kocha wake yule yule wa siku zote, lakini pembeni kulikuwa na wataalamu wamepiga hesabu ya upepo mpaka wakajua wale pacers wapangwe aje mbele na nyuma yake. Jicho la kocha lilibaki, na sayansi ikaongezwa hapo juu.

Kwa makaratasi, Kenya iko sawa

Sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kimasomo ilipita 2014 na ikaleta KNQA. Kazi yake ni kupanga vyeti vyote vya nchi kwa ngazi moja, ndio mtu aweze kupanda kutoka chini hadi juu. Kwa hiyo ngazi, cheti cha ufundi wa kawaida kinakaa chini kidogo, diploma iko 6, digrii ya kwanza iko 7. Ukiangalia ile chati unaona diploma na digrii ni majirani, hatua moja tu. Sheria ya TVET nayo ilikuja 2013. Na kuna mpango wa kutambua ujuzi mtu alipata kazini bila kukaa darasani, ule umesikika sana kwa mafundi wa jua kali.

Upande wa digrii nao si ati hakuna. Kenyatta University iko na idara nzima ya elimu ya viungo, mazoezi na sayansi ya michezo. Masinde Muliro kule Kakamega wako na idara ya kukuza afya na sayansi ya michezo. Hizi si kozi za kuokota. Ni vile hazipigiwi kelele kama udaktari na sheria, na wazazi wengi wakisikia "sayansi ya mazoezi" wanadhani unaenda kufundisha PE.

Shida iko kwa ile hatua moja kati ya 6 na 7. Kwa chati ni hatua, kwa ground inaweza kuwa ukuta. Unaweza fika campus na cheti cha ukocha na miaka mitatu ya kufundisha watu, ukawekwa first year pamoja na mtu hajawahi kushika dumbbell, na mkae wote semista nzima mkifundishwa majina ya mifupa yenye wewe ulishamaliza. Kila chuo kinajiamulia kitambue nini. Hakuna mahali pamoja pa kuangalia ujue "cheti hiki kinanipunguzia units hizi." Sheria imepita miaka zaidi ya kumi sasa, na kijana bado anabebana na mafaili kutoka ofisi hadi ofisi akiuliza kama kazi yake inahesabika.

Na ni kazi inawezekana. Australia wameifanya. Huko ndio ufanye kazi kwa gym unahitaji cheti cha ufundi, kinaitwa Certificate III, halafu IV ukitaka kuwa kocha wa mtu binafsi. Kuna vyuo vikuu vya huko vimeweka hivyo vyeti ndani ya digrii yenyewe: mwanafunzi anapata cheti miaka ya kwanza, anaanza kulipwa gym, na digrii inaendelea. Juu ya hapo, shirika lao la wataalamu, ESSA, halikutambui kama mwanasayansi wa mazoezi kama hujafanya masaa 140 ya kazi na watu chini ya msimamizi. Ukitaka kufanya na wagonjwa, masaa yanapanda hadi 500 na masomo yanaongezeka. Masaa ya mikono, si ya daftari. Hapa kwetu atachi inaweza kuisha umekaa reception ya gym ukiandika majina ya wenye wamelipa, na bado upigiwe muhuri.

Vyuo vyetu vinaweza kuanza na hiyo moja bila kungoja bunge: mwaka wa kwanza, cheti cha ukocha na cha huduma ya kwanza ndani ya karo yenyewe. Gym za kampasi ziko. Walimu wako. Na wateja? Kampasi imejaa lecturers na wafanyikazi wa umri ule ule wa mathe wetu wa presha.

Hesabu ya doo

Sasa tuongee chapaa, juu bila hiyo haya yote ni hadithi.

Kwa KCSE ya 2024, wenye walipata C+ na kuendelea walikuwa 246,391. Hiyo ni kama robo ya watahiniwa. Kama uko hapo, mlango wa digrii umefunguka moja kwa moja, lakini karo ni karo. Ule mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi wenye ulikuja 2023, wa bendi, umepelekwa kortini, na familia nyingi hadi leo haziwezi kukuambia mwaka ujao zitalipa ngapi. Kama uko kwa zile robo tatu zingine, njia yako ni ya kupanda: cheti ama diploma kwanza, halafu digrii kupitia diploma. Ni ndefu kidogo, lakini kwa hii fani hasa, si hasara. Unafika campus ukiwa tayari unajua kazi.

Na hapa ndio cheti kinakuja kubeba digrii. Angalia masaa ya gym. Watu hujaa saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili asubuhi, halafu saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Katikati ni ufagio na muziki. Angalia masaa ya campus: lectures ziko katikati hapo hapo. Ni kazi chache sana zimekaa vizuri na ratiba ya mwanafunzi kama hii.

Piga hesabu na namba zako mwenyewe, hizi ni za mfano tu. Sema uko na wateja wanne, kila mmoja mara tatu kwa wiki, na unabaki na soo tano kwa kila kipindi baada ya gym kuchukua yake. Hiyo ni 6,000 kwa wiki, 24,000 kwa mwezi. Toa fare, toa bando, toa wiki za mitihani zenye utafundisha nusu. Haitakufanya uomoke. Lakini inaweza kulipa rent na chakula, na hiyo pesa ya HELB ikaenda mahali inafaa kwenda.

Ila usijidanganye na hiyo hesabu. Ukiishi Githurai, campus iko Thika Road na gym iko Kilimani, hiyo saa kumi na moja asubuhi itakumaliza kabla ya second year. Wateja wanne ni wengi kuliko venye inasikika kama uko na practical na CAT wiki moja. Tafuta gym karibu na chuo, hata kama inalipa kidogo. Mtu halali masaa manne kila siku halafu anafundisha wengine mambo ya afya, hiyo ni comedy. Na kama ni lazima uahirishe kitu, ahirisha semista uandike barua rasmi, usipotee tu kimya ukidhani utarudi.

Kuna kitu ingine haionekani kwa hesabu. Mwenye anafundisha huku anasoma husoma tofauti. Ukifundishwa bega Jumanne na Jumatano asubuhi uko na mteja analia bega, hiyo lecture haitoki kichwani. Mwenye anangoja kufika fourth year ndio akutane na mwili wa kwanza, anasoma ya kupita mtihani.

Majuu na Ghuba

Wasee wengi wanafikiria Dubai, na ni ukweli kuna Wakenya wanafanya kazi ya ukocha huko. UAE wako na rejista yao ya wataalamu wa mazoezi, REPs UAE, na cheti chako kitaangaliwa. Kwa hivyo kabla ulipie kozi yoyote hapa, uliza kinatambulika wapi nje ya hiyo ofisi yenye imekupa risiti. Agenti wa kazi naye muangalie kwa National Employment Authority kama amesajiliwa, kabla ya kumtumia hata bob.

Marekani mambo yamepangwa kwa ngazi. Cheti cha kocha cha ACSM ama NASM unaweza kufanya na cheti cha sekondari pamoja na mafunzo ya CPR. Lakini ukitaka ile ya ACSM ya mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi, wanataka digrii ya hii fani. Ile ya NSCA ya kufundisha wanamichezo nguvu, CSCS, inataka digrii, na wameshatangaza kwamba kutoka 2030 wanaanza kubana zaidi, si digrii yoyote tena. Milango ya juu inazidi kutaka zote mbili. Pia jua hivi vyeti huisha: cha NASM kwa mfano unakirudisha hai kila miaka miwili na masomo ya ziada. Kuna mtu anatembea na cheti kilikufa zamani na hajui.

Usijiite kenye hujawa

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Digrii ya sayansi ya mazoezi haikufanyi fizio. Fizio wako na sheria yao ya 2014 na baraza lao, na mtu hasajiliwi kwa kuwa anajua kufinya mgongo. Haikufanyi daktari wa lishe pia. Hao wako chini ya KNDI, sheria ya 2007. Kwa hivyo ile kumpa mtu wa kisukari meal plan ya kukata wanga zote juu uliiona YouTube, wacha. Anaweza kuwa kwa insulini, na ukimkatia chakula bila daktari kubadilisha dawa, sukari inaweza shuka azirai mbele yako. Kocha mwenye amesoma anajua mahali kazi yake inaishia na namba ya kupiga hapo.

Upande wa wanamichezo ni noma zaidi. Sheria ya kupambana na dawa za kusisimua misuli ya 2016 ilileta ADAK, na kanuni yao haiangalii kama ulijua ama hukujua: kitu kikipatikana kwa mwili wa mwanariadha, ni chake. Wewe kocha ukimpa kopo la "pre-workout" lenye hujui limebeba nini, unaweza kummalizia career, na wewe mwenyewe usipone. Tofauti na fizio, kwa mlango wa gym nyingi hakuna mtu atakuuliza namba ya usajili. Yaani mteja ndiye amebaki kuwa mkaguzi, na mteja anaangalia tu kama uko na misuli.

Kama uko karibu kuchagua kozi, hii ndio kazi ya wiki hii. Kwa chuo cha ufundi, uliza cheti kiko ngazi gani ya KNQA na uone imeandikwa mahali, si kwa mdomo. Uliza ni masaa mangapi utasimama na watu halisi, na nani atakuwa anakuangalia. Huduma ya kwanza ukiona haiko ndani, chukua kando. St John Ambulance na Red Cross wote hufundisha. Kwa chuo kikuu, angalia masomo ya klasta kwa portal ya KUCCPS mapema, halafu omba kuonyeshwa maabara, ujue ile mashine ya kupima pumzi inafanya kazi ama imefunikwa kitambaa. Ongea na fourth year mmoja, umuulize alifanyia atachi wapi na alifanya nini haswa.

Halafu uliza hilo swali la cheti chako kupunguza units. Wakikuambia "hiyo haijawahi kufanyika hapa," usibishane na karani. Andika barua kwa mkuu wa idara, ambatisha cheti, orodha ya kenye ulifundishwa, na barua ya gym yenye inasema ulifundisha watu kutoka lini hadi lini. Peleka kopi mbili, yako igongwe muhuri wa tarehe, na hiyo kopi usiipoteze.